Nilimpeleka Mama kwenye hoteli ya msituni: ulizeni haya kabla hamjalipa

Kama uko Bukavu, huku kwetu Kongo, na una ndugu Ulaya anayetaka kukulipia siku za mapumziko kwenye hoteli ya msituni, zile zenye masaji, sauna na bwawa la maji moto katikati ya miti, nakuomba usome haya kabla hajaweka namba ya kadi yake ya benki. Pesa ikishaondoka, mengi hayarudi nyuma, na machache yanayorudi yanarudi kwa mabishano.

Tulikwenda Agosti 2024, mimi na Mama. Mlipaji alikuwa Yaya, dada yangu mkubwa anayeishi Ubelgiji. Mama ameuza unga wa muhogo soko la Kadutu tangu sisi tuko wadogo, na asiyeijua Kadutu ajue kwamba kule hakuna njia isiyo na mteremko. Magoti yake yamekwisha. Ana presha pia, anakunywa vidonge kila asubuhi. Yaya aliona picha kwenye simu: bibi wa kizungu amelala kifudifudi, mawe meusi yamepangwa mgongoni, nyuma yake ukungu na miti. Akasema Mama amebeba vya kutosha, sasa ni zamu yake ya kulala na kukandwa. Mimi nilitaka pesa hiyo imwendee daktari wa mifupa. Tulibishana kwa sauti za WhatsApp, ndefu ndefu, mpaka Yaya akasema daktari naye atalipwa, ila hiki ni kitu kingine. Nikanyamaza, kwa sababu kwenye ukoo wetu anayelipa ndiye anayemaliza maneno.

Mtu atauliza kwa nini tusiende msitu wa kwetu. Kahuzi-Biega uko karibu kilomita 30 tu kutoka mjini, umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1970, na sokwe wake wakubwa wanajulikana dunia nzima. Lakini ukifika Tshivanga, pale pa kuingilia hifadhini, hutakuta mtu wa kukukanda mgongo, na hifadhi yenyewe iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Kwa hiyo Yaya alichagua ng'ambo ya mto Ruzizi, mpaka wetu na Rwanda, kwenye msitu wa Nyungwe, Rwanda. Nao ni msitu wa mlimani kama Kahuzi, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo elfu moja, na UNESCO waliuingiza kwenye Urithi wa Dunia 2023. Hoteli yenyewe sitaitaja. Nia yangu si kuiharibia jina, na mengi niliyoyaona pale utayakuta kwingine kwingi.

Tuanze na bei, maana huko ndiko Yaya alikoteleza. Tangazo lilisema dola 190 kwa usiku. Yaya akahesabu chumba kimoja, watu wawili, akafurahi. Kumbe ile ilikuwa bei ya kichwa kimoja. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, kulikuwa na habari kwamba TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, haimo, na TVA ya Rwanda ni asilimia 18. Chakula kilichomo kilikuwa cha asubuhi peke yake. Usafiri kutoka Kamembe, mji wa Rwanda ulio ng'ambo ya mpaka, haumo. Kuingia hifadhini haumo, kwa sababu hoteli hizi ziko ukingoni mwa msitu, karibu na mashamba ya chai, na msitu wenyewe una mlango wake na kodi yake. Na huduma za kukandwa zilikuwa kifurushi cha pembeni alichokilipia kwa jina zuri tu: sauna, mawe ya moto, kisha jakuzi. Hakuuliza kama mtu wa presha anaruhusiwa. Hata tovuti haikumuuliza.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kulipa, andikieni hoteli ujumbe, msipige simu, ili majibu yabaki na ushahidi. Ulizeni jumla ya mwisho kwa watu wote na kodi zote. Ulizeni chakula gani kimo. Ulizeni kama sehemu ya masaji ni ya hoteli yenyewe au imekodishwa kwa mtu mwingine. Swali hili linaonekana la kijinga, lakini kwetu ndilo lililoleta kizungumkuti baadaye, maana kila tulipolalamika mapokezi walituambia "hao ni wenzetu, wana hesabu zao". Na ulizeni, mgonjwa wenu akikatazwa huduma kwa sababu ya afya, pesa inarudi au hairudi.

Mpakani tulipita Ijumaa, kwa makusudi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda ina Umuganda, asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja, magari hayaendi na maduka yamefungwa mpaka karibu saa tano. Usipange kuvuka siku hiyo ukiwa na mzee anayehitaji choo kila baada ya muda. Karatasi ni jambo lingine. Jeto tunayozoea, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, ni ya kwenda Kamembe na kurudi. Kwa kulala ndani ya nchi beba pasipoti au lesepase (hati ya kusafiria) ya CEPGL, ile jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, na kadi ya manjano ya chanjo. Naandika haya nikijua kwamba tangu Februari 2025 Bukavu ina wenye mamlaka wengine, na mambo ya Ruzizi yanabadilika bila kupiga hodi. Yaliyokuwa kweli siku yetu yaulize upya siku yako.

Lililotuchelewesha hasa ni sashe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na kila mtu wa Bukavu anajua, Mama akiwa wa kwanza kujua, maana wateja wake wa Kamembe humletea mifuko ya karatasi. Lakini alipofunga safari alifunga kama anavyofunga siku zote: sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, ndani ya sashe, sabuni ndani ya sashe, ndala ndani ya sashe, vidonge vya presha ndani ya sashe ndogo iliyopigwa fundo la meno. Ofisa, kijana mpole kabisa, alifungua moja baada ya nyingine na kupanga vitu mezani. Sambaza zikabaki chungu wazi juu ya meza ya serikali, harufu imejaa chumba. Mama akavua kikwembe cha begani, akatandika, akamwaga vyote, akafunga. "Endelea, mtoto wangu," akamwambia ofisa, "kazi ni kazi." Watu wa foleni walicheka, naye kijana akacheka. Lakini vidonge vilivyotoka kwenye sashe vilikuwa vimechanganyika, vyeupe na vyeupe, na hilo litarudi.

Kuhusu dola: zile zilizokunjwa au zenye kichaniko kidogo ambazo hata kwetu muuza kadi za simu anazikataa, usizibebe. Na za miaka ya zamani hubadilishwa kwa bei ya chini. Badilisha kiasi kwa faranga za Rwanda mjini Kamembe, kwa sababu hotelini bei yao ya kubadilisha ni ya kwao peke yao.

Njia ni nzuri, lami mwanzo mpaka mwisho. Baada ya vilima vya Rusizi unaingia kwenye chai, kijani kilichokatwa sawasawa mpaka macho yanachoka, halafu msitu unaanza ghafla kama ukuta. Kando ya barabara wanakaa tumbili weusi wenye ndevu nyeupe za kizee, wanaitwa tumbili wa L'Hoest, wanatazama magari bila haraka. Dereva alitukataza kuwatupia chochote. Mama aliwatazama akasema wanafanana na mzee mmoja wa kwetu Walungu, jina nalihifadhi.

Sasa baridi. Picha za matangazo zinaonyesha watu wamevaa vazi jepesi, na neno "tropiki" linamfanya mtu afikirie jasho. Nyungwe ni msitu wa juu. Pale tulipolala tulikuwa mamia ya mita juu ya Bukavu. Ilikuwa kiangazi, na bado ukungu uliingia kila jioni, shuka zikawa na unyevu, nguo niliyofua haikukauka mpaka tunaondoka. Kwa magoti ya Mama ile baridi yenye maji ilikuwa adui. Beba sweta nzito, soksi, na kile kitambaa cha kufunga magoti. Omba chupa ya maji moto ya kulalia mapema, kabla ya chakula cha jioni, maana baada ya hapo mhudumu mmoja ana vyumba vyote.

Usiku wa kwanza Mama hakulala. Kimya kilimsumbua. Kwetu usiku una redio ya jirani, mbwa, mtoto anayelia, pikipiki. Pale ilikuwa tone la maji likidondoka kwenye jani, basi, na mara moja moja mnyama fulani anapiga ukelele kana kwamba amechomwa. Akawa ananiuliza kama nyumbani wamefunga mlango wa jiko. Mtandao ulikuwa unapatikana mapokezi tu. Ninachoshauri: mpigie simu mtu wa nyumbani ukiwa bado Kamembe, mzee asikie sauti yake kwamba yote yako salama, halafu ndiyo mpande.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tulikwenda sehemu ya masaji asubuhi. Chumba kizuri, mbao, harufu ya mikaratusi, mashuka yamekunjwa. Msichana wa mapokezi akatupa karatasi ya maswali kwa Kifaransa: presha, sukari, mimba, upasuaji, dawa unazokunywa. Hilo ni jema, na kama mahali hawaulizi, ogopa. Nikawa namtafsiria Mama kwa Mashi na kujaza. Tukafika kwenye "mnatoka wapi". Nikaandika Bukavu.

Msichana akasoma, akainuka, akaingia ndani. Akatoka na meneja. Meneja akasimama mbali kidogo, akasema kwa adabu ya kazini kwamba kutokana na hali ilivyo angependa kuona mikono yetu. Tukanyoosha. Kisha akasema, na miguu. Wakati huo wageni wengine wawili, mume na mke wa kizungu, walikuwa wameketi na vikombe vyao vya kahawa, wakitazama. Mama alikuwa amevaa kikwembe mpaka kwenye visigino. Alimtazama meneja, akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mwambie mimi si mbuzi wa mnadani."

Lazima niseme hali ilivyokuwa. Tarehe 14 ya mwezi ule ule Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mpox, ugonjwa wa upele uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa, na ile aina mpya ya kirusi iliyowatisha watu ilitambuliwa kwanza Kamituga, mkoani kwetu Kivu Kusini. Ugonjwa huo hupita kwa ngozi kugusana na ngozi. Mkandaji anashinda saa nzima mikono yake iko juu ya mwili wa mtu asiyemjua, na yeye ana watoto nyumbani kama mimi. Ana haki ya kuuliza, na mimi ningekuwa yeye ningeuliza. Hilo sina ubishi nalo.

Ubishi wangu ulikuwa kwamba tuliulizwa sisi peke yetu. Rwanda yenyewe ilikuwa imethibitisha wagonjwa tangu Julai, kwa hiyo mtu aliyetoka Kigali naye alipaswa kuulizwa, na wale wawili wa kahawa hakuna aliyeomba kuona hata kidole chao. Na mwili wa mama mzima haukaguliwi ukumbini. Nilimwambia meneja hivyo kwa Kifaransa, polepole, mikono inanitetemeka chini ya meza. Nilisema tutakaguliwa, lakini chumbani, na mwanamke, na mtu wa afya, na nikamwomba aandike kwenye karatasi kwamba wageni wote wanakaguliwa. Karatasi hakuandika. Muuguzi wa kituo cha afya cha jirani alikubali kumwita.

Mama hakusema neno tena mpaka jioni. Alikaa kwenye kibaraza na rozari yake. Nilitaka tuondoke siku hiyo hiyo, nikamwandikia Yaya maneno makali ambayo kwa bahati mtandao haukuyapeleka. Mama ndiye aliyekataa kuondoka. Alisema mtoto wake amelipa, na yeye hawezi kukimbia mahali alipolipiwa kana kwamba ameiba.

Kwa hiyo kama unatoka sehemu yenye mlipuko wa ugonjwa wowote, pitia kwanza kwa daktari wako Bukavu, upate cheti kifupi chenye tarehe na muhuri: hana upele, hana homa, dawa anazokunywa ni hizi, presha yake ni hii, anaruhusiwa au haruhusiwi joto kali. Kwetu kingegharimu dola chache. Umpe mkandaji, hapana meneja. Karatasi hiyo moja ingefunga maswali yote mawili, la ngozi na la moyo.

Maana la moyo lilikuwa kubwa kuliko la ngozi. Muuguzi alifika asubuhi iliyofuata, mama wa makamo, mchangamfu, anajua Kiswahili cha Kamembe. Alifunga mlango, akamwomba Mama radhi kwanza kabla ya kumgusa, akatazama mikono, miguu, mgongo, dakika mbili, kwisha. Halafu akatoa kipimo cha presha. 178 juu, 104 chini. Akapima mkono wa pili. Karibu sawa.

Tukaanza kutafuta sababu. Baridi, kutolala, hasira ya jana. Sambaza za chumvi ambazo Mama alikuwa anazila kisirisiri chumbani kwa sababu chakula cha hoteli hakimshibishi. Na vile vidonge vilivyochanganyika mpakani. Lakini hata hilo halikuwa lenyewe. Mama alikuwa na kidonge cha kukojosha, na siku ya safari hakukinywa, ili asihangaike na choo njiani. Siku zilizofuata akaendelea kukiacha kwa sababu choo cha usiku kilikuwa na baridi. Muuguzi alisema wazee wengi hufanya hivyo. Basi anayesafiri na mzee, vidonge vibaki kwenye pakiti zake za dukani zenye jina, na wewe ndiwe umpe na umwone anameza. Na dereva mwambie mapema kwamba tutasimama.

Sauna, alisema muuguzi, isahauliwe. Joto la sauna ni nyuzi 70, 80, hata 90. Mishipa ya damu inapanuka, moyo unakimbia, jasho linatoka. Mtu wa presha isiyotulia, tena anayekunywa dawa, akitoka pale na kusimama ghafla anaweza kuanguka. Jakuzi baada ya sauna ndiyo kabisa. Kuhusu mawe ya moto alieleza jambo ambalo sikulijua: mwenye kisukari wa muda mrefu huenda miguu yake haihisi vizuri, jiwe likamuunguza naye ametulia tu. Mama hana sukari, lakini nililiandika kwa ajili ya shangazi. Kilichobaki kwa Mama ni kukandwa taratibu, mafuta ya vuguvugu, presha ikishashuka.

Ilishuka baada ya kidonge, uji na usingizi mrefu wa mchana. Tukarudi.

Mkandaji alikuwa msichana wa Rusizi, anamwita Mama "Mama" kwa jinsi ile ya heshima, kwa mikono miwili. Mama hakutaka kuvua mbele ya mtoto aliye sawa na wajukuu zake. Watu wengi hawajui kwamba huna lazima ya kuvua: unaweza kubaki na nguo za ndani, unaweza kubaki na kikwembe chako, unaweza kusema miguu na mabega tu, na unaweza kuchagua mkandaji mwanamke. Bei ni ile ile. Semeni kabla ya kuingia, maana ukishalala unaona aibu. Msichana akasema, "Tutaanza na nyayo, Mama, ukichoka utaniambia." Alileta beseni la maji moto lenye majani yanayoelea. Kwenye orodha yao limeandikwa kwa maneno ya fahari kama dawa ya siri ya msitu, dola 35.

Mama akatia miguu, mvuke ukampanda usoni. Akainama, akachukua jani, akalifikicha kati ya vidole, akanusa. Akanusa tena. "Si huu ni muravumba?" Msichana akakubali. Mama akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye mbao. Muravumba ndio aliotufukiza sisi wote kila tulipokohoa, chini ya blanketi, kichwa juu ya sufuria. Kwetu Walungu unaota nyuma ya choo na hakuna anayeuuza. "Dola ngapi?" akaniuliza. Nikasema kumi. Msichana akaangalia pembeni.

Ile saa ilikuwa nzuri, lazima niseme. Alimkanda nyayo kwa dole gumba, akapanda kwenye mashavu ya miguu, akazunguka goti bila kulibonyeza katikati. Mama akawa anamwelekeza: hapo, shuka kidogo, hapo hapo, hapo ndipo gunia lilipokuwa linaegemea. Kisha maelekezo yakakata. Alikuwa anakoroma, mdomo wazi, kilemba kimeteleza. Sijawahi kumwona Mama amelala mchana mbele ya mgeni. Nilikaa kwenye kiti kule pembeni nikawa nalia bila sababu ninayoweza kuieleza vizuri, na nikajikuta nimemsamehe Yaya bei yake yote.

Magoti? Siku chache yalikuwa mepesi, kisha yakarudi yalivyokuwa. Anayekwambia masaji inaponya goti lililokwisha anakuuzia kitu. Daktari wa mifupa alimwona Septemba, akampa mazoezi na kumwambia apunguze uzito, na hayo ndiyo yaliyosaidia.

Msituni niliingia mimi peke yangu, na kiongozi, asubuhi moja. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, kwa hiyo kwenye mlango wa hifadhi ulizia bei ya raia wa Jumuiya na uonyeshe pasipoti; usikubali tu kuwekwa kwenye kundi la watalii wa mbali. Niliona mbega, kundi zima likiruka tawi kwa tawi, mikia mirefu myeupe na myeusi. Kiongozi alinionyesha mgongo wa mlima ambao mvua ikinyesha upande mmoja huenda Nile, upande mwingine huenda mto Kongo. Daraja la kamba la Uwinka, lile lililoning'inizwa juu ya vilele vya miti tangu 2010, liko mbali kidogo na upande wetu, na kwa mwenye kuogopa kimo kama mimi halikunipotezea usingizi kulikosa.

Bili za mezani zina sumu yake. Birika la chai lilikuwa dola 6, na chai yenyewe ilichumwa ng'ambo ya uzio. Nilikuwa nimemficha Mama bei zote, mpaka mhudumu akaweka karatasi mbele yake kwa heshima, yeye akiwa mkubwa wa meza. Mama anasoma tarakimu kuliko mhasibu. Kuanzia hapo akawa anakula mkate wa asubuhi na kufunga mwingine kwenye kikwembe. Ongea na mapokezi siku ya kwanza: bili zote zije kwako, chumbani kwako, siku ya mwisho. Na jikoni ukiwaomba tangu jana yake, watakusongea bugali na mboga ya lengalenga kwa bei ya chini kuliko vile vilivyoandikwa. Sisi walitupikia, na mpishi alitoka mwenyewe kumsalimia Mama.

Hesabu niliyompa Yaya ilikuwa hivi: alidhani atatumia dola 190 kwa usiku, akatumia karibu 450 ukijumlisha kichwa cha pili na TVA, bila chakula cha mchana wala jioni. Gari la kwenda na kurudi Kamembe lilikuwa karibu 80. Usiku mmoja pale ulipita mshahara wangu wa miezi miwili ya kufundisha, na hilo nilijikataza kulifikiria tukiwa mezani.

Kile kifurushi cha sauna na jakuzi, kilichokuwa dola 160, waligoma kukirudisha. Walisema masharti yanasema hakirudishwi, na waliokiuza ni "wenzetu". Nilimwomba muuguzi aandike mistari mitatu: presha aliyoikuta, tarehe, na kwamba alikataza joto. Nikapiga picha ile karatasi na ile fomu yao ya maswali, ambayo chini yake imeandikwa kwamba mgeni mwenye presha hatapewa sauna. Kwa hiyo wao wenyewe walimuuzia mtu kitu ambacho fomu yao inakataza kumpa. Hoja hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Kelele zangu za siku ya kwanza hazikufungua. Walibadilisha sehemu moja kuwa masaji ya pili ya Mama, na dola 90 zikarudi baada ya wiki kadhaa kwenye kadi ya Yaya, kwa sababu pesa hurudi kwa aliyelipa tu, na yeye ndiye alilazimika kuandika barua pepe ya kudai. Kuhusu ule ukaguzi wa ukumbini nilituma malalamiko tofauti, kwa mwenye hoteli. Alijibu kwa kuomba radhi kwa jina la Mama, akasema sasa wageni wote wanapitia chumba cha ndani. Nilimsomea Mama ile barua. Akaniambia niihifadhi pamoja na risiti.